Mwanamkasi Aliyezikwa kwa Midomo

"Ulimwona kwa macho yako, bibi?"

Bi Mwatumu hakuinua uso. Alikuwa ameketi barazani kwake Ngamiani, ungo wa mchele mapajani, vidole vikitafuta chuya na kuzitupia kuku.

"Nimwone nani?"

"Mwanamkasi binti Shehe. Ulimwona amekufa?"

"Mwanangu Uweso, maswali gani haya asubuhi yote? Maiti si senema hata watu wajipange kutazama. Alikufa. Mtaa mzima wajua. Alikatwa titi kwa yule daktari wa Kihindi mwaka ule aliokufa Kingi Joji, akarudi nyumbani, hakukaa sana, akafa. Mungu amrehemu."

"Amina. Wewe ulisikia kwa nani?"

"Kwa Sabiha wa vitumbua."

Sajini Uweso Kombo akashukuru, akavuka njia. Sabiha alikuwa kainamia moto, moshi umemtoa machozi. Alipoulizwa hakufikiri hata kidogo.

"Ah, Mwanamkasi maskini! Nililia siku ile mpaka vitumbua vikaungua."

"Nani alikuletea habari?"

"Bi Mwatumu."

"Bi Mwatumu anasema alisikia kwako."

Sabiha akashika kiuno. "Muongo yule! Mimi nisikie kwanza habari ya msiba kabla yake yeye? Tangu lini?"

"Matanga yaliwekwa wapi?"

"Matanga?" Sabiha akageuza kitumbua kimoja, kisha akakigeuza tena bila sababu. "Nadhani kwao."

"Hitima je? Ulikula ubwabwa?"

"Wallahi sikumbuki."

"Sabiha," Uweso akasema kwa upole, "wewe usahau ubwabwa?"

Sabiha akacheka, kisha akaacha kucheka, akabaki kamtazama.

Uweso akarudi barazani. Swali lililobaki lilikuwa moja, na alikuwa ameliweka mwisho kwa makusudi. Katika sehemu ile ya Ngamiani, mwanamke akifa, mwosha wake alikuwa Bi Mwatumu. Ilikuwa hivyo tangu Uweso hajaota ndevu. Mama yake mzazi aliogeshwa na mikono ile ile iliyokuwa ikichambua mchele.

"Bibi, Mwanamkasi alioshwa na nani?"

Vidole vikasimama ndani ya ungo.

"Si mimi," Bi Mwatumu akasema polepole. Akafikiri. "Si mimi, mwanangu. Mumewe alimhamishia Muheza. Labda walimzika huko."

"Labda," Uweso akasema. "Basi tumepata maiti asiye na mwosha, asiye na matanga, wala ubwabwa. Kituoni kwetu maiti wa namna hiyo twamwita mtu aliyepotea."

*

Sababu za Uweso kumtafuta Mwanamkasi zilikuwa mbili. Ya kwanza aliisema hadharani.

Daktari Mohamedhussein Jafferji, mwenye hospitali ndogo karibu na soko, alikuwa mpasuaji wa siku nyingi. Wanawake wenye saratani ya titi aliwapasua kama alivyofundishwa na waalimu wake: titi huondoka pamoja na nyama yote ya kifua, mpaka ngozi inalala juu ya mbavu, na mkono wa upande ule hauinuki tena sawasawa. Halafu akaanza kuwa na shaka. Baadhi ya wagonjwa akawaondolea titi na tezi za kwapani tu, nyama ya kifua akaiacha. Sasa alitaka kujua kama amewatendea wema au amewaua.

"Bwana Sajini, mimi nawajua niliowakata," alimwambia Uweso, miwani kaishika mkononi. "Sijui walioishi. Mgonjwa akiniaga pale mlangoni ndio kwaheri. Mwanamkasi alikuwa wa kwanza niliyemwachia nyama ya kifua. Miaka mitano sasa. Aliyeivuka miaka mitano, tunaanza kumtumainia. Nilituma mtu kumtafuta, akaambiwa amekufa. Lakini alikufa kwa nini? Kwa saratani au kwa homa? Lini? Hakuna anayejua. Nitawezaje kuchagua kisu cha mgonjwa wa kesho?"

Mkubwa wa kituo aliposikia kwamba daktari anataka polisi wamsaidie kutafuta wagonjwa, alicheka. Uweso hakucheka. Aliomba likizo.

Maana sababu ya pili ilikuwa Saleha, mkewe. Alikuwa akioga siku ya mfungo, mkono ukapita juu ya titi la kushoto, ukarudi, ukakuta kijiwe. Alikaa nacho kimya mpaka Idi ikapita, ndipo akamwambia mumewe. Jafferji alikipima, akasema kitolewe upesi. Saleha akakataa, wala hakupiga kelele. Alikuwa akikuna nazi siku ile, na aliendelea kukuna.

"Nitajie mmoja, Baba Sadalla. Mmoja tu aliyekatwa titi na yu hai. Nitajie leo, kesho nitakwenda kwa miguu yangu."

Uweso alifungua mdomo. Yeye aliyekuwa amefuata wezi wa mkonge mpaka Mombasa akawarudisha, hakupata jina. Majina yote aliyoyajua yalikuwa ya waliokufa.

"Waona?" Saleha akasema. "Basi niache nife na vyangu vyote."

*

Asubuhi ya pili alipanda gari moshi la Muheza pamoja na Dorkasi, nesi wa Jafferji, Mbondei mwenye sauti ya chini na viatu vyeupe ambavyo havikujua vumbi. Daktari ndiye aliyemtuma. "Mwanamke hatamfunulia polisi kifua," alisema.

Mashamba ya mkonge yalipita dirishani, mistari baada ya mistari. Walipokaribia Pongwe Uweso akasema:

"Nesi, mwanamke akikatwa titi akafa, nani hujua?"

"Kila mtu. Kuna kilio, kuna jeneza."

"Na akipona?"

Dorkasi akafikiri. "Anajifunika. Haendi tena kuoga mtoni na wenzake. Hata dada zake wengine hawajui."

"Ndiyo. Anayekufa anatangazwa, anayepona anajificha." Uweso akaegemea ubao wa kiti. "Siku zote tumekuwa tukihesabu makaburi, halafu tunasema hakuna aliye hai. Kesi ya namna hii hakimu angeitupa nje. Tumewaita mashahidi wa upande mmoja."

"Lakini Sajini," Dorkasi akasema taratibu, "makaburi nayo ni kweli. Wengine niliwashika mkono mimi mwenyewe wakifa. Ukimpata Mwanamkasi, usimwambie mkeo kwamba wote wanapona."

"Sitamwambia."

*

Msafiri, mume wa Mwanamkasi, hakuwa mgumu kuonekana. Sokoni Muheza kila mtu alijua lundo lake la machungwa, maana aliyapanga vizuri kupita wenzake. Alikuwa mtu mfupi, kofia safi, mikono minene. Kabla hawajasema neno alimenya chungwa, ganda likashuka kama utepe mmoja, akampa Dorkasi.

"Onja kwanza, dada. Bei tutazungumza."

"Wewe ndiye mume wa Mwanamkasi binti Shehe?" Uweso akauliza.

Kisu kikasimama.

"Nilikuwa. Amekufa."

"Pole sana. Lini?"

"Zamani."

"Mlimzika wapi?"

"Hapa hapa."

"Makaburi gani?"

"Ya kule... njia ya Amani."

"Alioshwa na nani?"

"Bibi mmoja. Naye amekufa."

"Mmekuwa na misiba mingi," Uweso akasema. Msafiri akapangusa kisu. Akachukua chungwa jingine, akalimenya vibaya, ganda likakatika vipande vitatu. Kando ya kikapu chake palikuwa na kifurushi kidogo cha gazeti, na kwenye mkunjo wake ilichungulia sufi nyeupe. Uweso alikitazama mara moja, akaaga.

Walikwenda kukaa kwenye kibanda cha chai cha mzee mmoja aitwaye Idarusi, ng'ambo ya soko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Kahawa au chai?"

"Chai. Mzee, yule Msafiri alifiwa na mkewe?"

"Afiwe na nani?" Idarusi akamimina chai kwa mkono uliotulia. "Ana mke bwana yule! Kamtawisha ndani kama malkia. Uso wake sijauona, lakini halua anayonunuliwa naijua. Kila Ijumaa. Mimi na mke wangu tumegombana kwa ajili ya halua hiyo."

Uweso akashukuru, akaishika bilauri bila kuinywa. Uso wake ulishuka, hata Dorkasi akauona.

"Ameoa tena," akasema kwa sauti ndogo mzee alipokwisha kuondoka. "Basi yule wa kwanza amekufa kweli, na aibu ya kuoa upesi ndiyo inayomfanya ababaike. Tumekuja kumtafuta hai, tumepata mke mwenza wa maiti."

Akaizungusha bilauri mezani. Halafu akawa kama mtu aliyeitwa.

"Nesi. Umekiona kile kifurushi?"

"Cha sufi? Nimekiona."

"Sufi ni ya mto au godoro. Ile ni konzi moja, haijazi hata mto wa mtoto mchanga. Konzi moja ya sufi yafaa nini katika nyumba yenye mwanamke?"

Dorkasi akaweka ganda la chungwa mezani. Akainamisha uso kidogo, kwa haya, kisha akakumbuka kazi iliyomleta.

"Sisi ndio tunaowafundisha," akasema. "Jeraha likipona, tunawaonyesha kushona kanchiri ya kushikia matiti, upande uliobaki mtupu unajazwa sufi, ili nguo ikae sawa. Lakini sufi ikishika jasho hugandamana. Lazima ibadilishwe mara kwa mara."

Uweso akasimama, chai yake nzima.

"Mke mpya hana haja ya sufi," akasema.

*

Msafiri alikuwa amewatangulia. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa mji, imezungukwa na michungwa, na yeye mwenyewe alikuwa kasimama mlangoni, mikono kaitandaza huku na huku, akihema.

"Haingii mtu."

"Msafiri..."

"Nimesema haingii mtu! Mlimchukua mzima mkamrudisha nusu. Sasa mmekuja kutaka la pili. Kama ni lazima mkate, nikateni mimi!"

Sauti ikatoka ndani, ya mwanamke, kavu kidogo na yenye subira.

"Msafiri, wapishe wageni waingie. Jua kali."

Mikono ya Msafiri ikateremka. Mwanamkasi binti Shehe akatokea nyuma yake, kajifunga kanga mbili, mwembamba, mrefu kuliko mumewe. Alimtazama Uweso, akamtazama Dorkasi na viatu vyake vyeupe, akamtambua.

"Wewe ndiwe uliyeniimbia nikiwa katika maumivu."

"Ndimi, dada," Dorkasi akasema, na machozi yakamtoka papo hapo, jambo ambalo Uweso hakulitazamia.

Walikaa ndani juu ya mkeka. Msafiri akaleta machungwa, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake.

"Kwa nini watu wanasema umekufa?" Uweso akauliza.

"Kwa sababu walianza kunizika nikiwa hai," Mwanamkasi akasema. "Niliporudi Ngamiani kutoka hospitali, walikuja kila siku. Wanaketi, hawasemi, wananitazama hapa." Akagusa kifua. "Siku moja Bi Mwatumu alinipima kwa macho toka utosini hata miguuni, nikajua anakadiria sanda. Nikamwambia mume wangu, nihamishe, la sivyo nitakufa ili nisiwavunje moyo."

Uweso akaficha kicheko. Msafiri hakuficha; kilimtoka, kikageuka kitu kingine, akapangusa pua.

"Kisha akaja mtu wa hospitali," Msafiri akaendelea. "Akauliza Mwanamkasi yuko wapi, daktari anamtaka. Anamtaka wa nini tena? Nikasema amekufa. Neno lilinitoka tu. Nalo likafika Tanga kabla ya gari moshi."

"Daktari alitaka kujua kama u mzima, basi," Dorkasi akasema. "Tulipaswa kusema hivyo toka mwanzo. Tuwie radhi."

Akaanza kumwuliza Mwanamkasi mambo ya kazi yake. Anakula? Anakohoa? Mgongo unamuuma? Pana uvimbe wowote kwenye kovu au titi la pili? Wanaume wakatoka uani, wakarudi walipoitwa. Dorkasi alikuwa anatabasamu.

"Kovu safi. Sijaona kitu. Dada, jambo la mwisho, na hili hata Sajini aweza kushuhudia. Waweza kuinua mkono huu?"

Mwanamkasi akainuka. Juu ya kichanja, karibu na paa, palikuwa na mtungi. Akaufikia kwa mikono miwili, akaushusha, akauweka mbele ya Dorkasi, maji yasimwagike.

"Natwanga pia," akasema. "Nikutwangie?"

Zamu ya Uweso ikafika. Alikuwa amekwisha kupata alilolitafuta. Lililobaki lilikuwa kuomba. Akaanza, akasita, akaanza tena. Mwanamkasi alimtazama kwa makini.

"Kumbe si serikali iliyokutuma," akasema.

"La, dada. Ni mke wangu. Ana uvimbe. Anasema nimtajie mmoja aliye hai."

"Unataka nije nikaonyeshe kovu."

"Nataka uje ukae naye. Ukipenda kunyamaza, nyamaza."

"Hatoki!" Msafiri akasema. "Watu wa kule wana macho..."

Mwanamkasi akaweka kiganja begani mwa mumewe.

"Msafiri, umenificha vizuri. Hakuna mke aliyefichwa kwa mapenzi kama mimi. Lakini nimechoka kuwa marehemu. Niletee buibui langu."

*

Waliingia Ngamiani jua limeanza kupoa, Mwanamkasi mbele, uso wazi, Msafiri nyuma yake na kikapu. Bi Mwatumu alikuwa barazani. Aliinuka nusu, akakaa, akainuka tena.

"La ilaha illa 'llah."

"Shikamoo, Bi Mwatumu," Mwanamkasi akasema. "Nasikia mlinililia. Nimekuja kuchukua rambirambi zangu."

Bi Mwatumu alishuka barazani bila viatu, akamshika uso kwa mikono miwili, akampapasa mashavu, mabega, kama kipofu. "Mwanangu," akasema. "Mwanangu, nisamehe." Akamkumbatia, hakutaka kumwachia. Sabiha alipiga vigelegele. Watu wakatoka majumbani.

Katika msongamano ule mwanamke mmoja aliyejitanda gubigubi alimsogelea Dorkasi, akamvuta kando ya ukuta.

"Mwambie daktari," akanong'ona, "Saida wa Makorora pia yu hai. Na mkono wangu hauinuki. Aandike na hilo." Akaenda zake.

Nyumbani kwa Uweso, Saleha alimpokea mgeni mlangoni. Hakuambiwa ni nani. Alimtazama tu, akajua. Akamshika mkono, wakaingia chumbani, mlango ukafungwa. Uweso na Msafiri wakakaa uani juu ya kibao kimoja, wakitazama ukuta.

Hapakusikika kitu kwa muda mrefu. Kisha kilio, kifupi. Kisha kimya tena. Halafu kicheko cha wanawake wawili, kicheko cha kushikana, kile kinachomwondoa mtu pumzi.

"Ananisema mimi," Msafiri akasema.

"Wanatusema sote."

Saleha akatoka peke yake. Macho yalikuwa mekundu. Msafiri, mtu mwenye adabu, akasema anakwenda kutazama kikapu chake.

"Amekuonyesha?" Uweso akauliza.

"Amenionyesha. Si pazuri, Baba Sadalla, lakini nilikuwa nimepafikiria pabaya zaidi. Na ameniambia ukweli: waliolazwa pamoja naye, wengine hawapo." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Lakini nilimuuliza jambo moja ambalo wewe usingeweza kumuuliza. Mumewe alifanya nini siku ile bandeji ilipofunguliwa."

"Akasemaje?"

"Alilia. Halafu akamuuliza wali aupike kwa nazi au chukuchuku. Wala hakuwa anajua kupika."

Uweso akamsogezea nafasi kwenye kibao.

"Sasa nakuuliza wewe," Saleha akasema. "Umewauliza watu siku nzima, nijibu na wewe. Mimi sikuogopa sana kufa. Nilikuogopa wewe. Utanitazama vipi?"

Sajini alikuwa amesikia majibu mengi maishani mwake, ya uongo na ya kweli, na alijua kwamba jibu la haraka mara nyingi ni la uongo. Akachukua muda.

"Sijui," akasema mwishowe. "Nitaogopa, na utaona kwamba naogopa. Lakini sitatazama pembeni, Saleha. Na nikitazama pembeni, unigeuze kichwa kwa mkono wako, kama unavyofanya nikikoroma."

Saleha akamtazama kwa kitambo kirefu, jinsi yeye alivyozoea kuwatazama watu wa upande wa pili wa meza. Kisha akajifunga kanga vizuri.

"Daktari bado yuko kazini saa hizi?"

"Yuko. Lakini kesho, asubuhi..."

"Nikilala nalo nitaghairi. Vaa viatu."

Akavaa. Njia ya sokoni ilikuwa imejaa watu, na Saleha, mwanamke ambaye hakuwahi kutembea na mumewe ila hatua kadhaa nyuma yake, akamshika mkono mbele yao wote, wakaenda.